Gari inatetema ukishika breki? Ngoja kwanza, usikimbilie kununua diski

Hii naandika manake nimechoka kuona watu wakimaliza pesa bure. Gari inatetema ukikanyaga breki, unaenda gareji, fundi hata hajainama ashakwambia "diski zimepinda hizo, leta mpya", unaleta, anafunga, unaondoka umefurahi, alafu mwezi wa pili au wa tatu usukani unaanza tena kukucheza mkononi. Mie yalinipata. Nina Probox nabebea samaki, natoka Ngomeni na Mambrui naleta Malindi mjini, saa zingine nafika nazo Mombasa, na ndani ya mwaka mmoja nimenunua diski za mbele mara mbili, mara mbili wallahi, kabla sijapelekwa na jamaa yangu kwa mzee mmoja fundi huku Maweni.

Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, imekuwaje? Nikamweleza. Hakuuliza diski ni za kampuni gani, hakuuliza nimenunua wapi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Tangu ufunge hizi diski, imeanza kutetema baada ya muda gani?" Nikamwambia kama miezi miwili hivi. Akacheka. "Basi diski haina makosa. Diski mbovu ingetetema siku ileile."

Akavua gurudumu, akavua kalipa, yaani kile kifaa kinachobana diski ukishika breki, akaitoa ile diski mpya yangu, alafu akachukua bisibisi akakwaruza pale kwenye habu, yaani kile kiti ambacho diski inakalia. Ikaanguka kutu, tena si vumbi, vipande, kama ukoko wa wali unaobanduka chini ya sufuria. Akaniwekea kipande kimoja kiganjani. Akasema huu ukoko ndio unaokula pesa zako.

Sasa ngoja nieleze kwa nini, manake ukilielewa hili hakuna fundi atakuchezea tena. Diski inatakiwa ikae sawasawa kwenye habu, uso kwa uso. Ukiweka chungu juu ya mafiga matatu na figa moja limeinuka kidogo, chungu kinalala upande, sivyo? Diski nayo hivohivo, ikikaliwa na punje ya kutu upande mmoja inazunguka huku inayumba. Kiwango ambacho magari mengi yanaruhusu ni kama milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Nusu ya karatasi! Na ule ukoko wa kwangu ulikuwa unene wa kucha. Mwanzoni husikii kitu, kwa sababu kalipa inaelea inafuata diski. Lakini kila gurudumu likizunguka, ile sehemu iliyotokeza inagusa pedi, vile vibao ndani ya kalipa vinavyosugua diski, hata kama hujashika breki, inasuguliwa, inasuguliwa, na kwa mwendo wa 80 tairi ya Probox inazunguka kama mara 12 kwa sekunde moja, sasa piga hesabu mwenyewe kutoka Malindi hadi Mombasa na kurudi. Baada ya kilomita elfu kadhaa diski inakuwa na unene usiolingana, huku nyembamba huku nene, au masazo ya pedi yameganda mahali pamoja kuliko pengine. Hapo ndipo ukikanyaga breki inakurudisha mguu, inakurudisha, tutututu. Watu wanasema imepinda kwa moto. Mara nyingi haijapinda, imeliwa vibaya.

Kwa hivo kabla hujatoa hata shilingi fuata hizi hatua. Za mwanzo hazitaki chochote isipokuwa macho, mikono na nusu saa.

Ila kwanza kabisa: kama pedali inazama hadi chini, au ukishika breki gari inakuvuta upande mmoja kwa nguvu, au kuna mafuta yanavuja ndani ya gurudumu, au taa nyekundu ya breki inawaka na hendibreki umeshusha, usiende kufanya majaribio ya barabarani. Iache ilipo, mwite fundi aje. Hilo si la kutetema tena.

Hatua ya 1. Jua inatetema lini

Tafuta barabara iliyonyooka, mapema asubuhi kabla tuktuk na bodaboda hazijajaa. Mie naenda ng'ambo ya daraja la Sabaki, upande wa kwenda Mambrui. Endesha hadi 80 au 90 bila kugusa breki. Usukani unatetema? Kama unatetema hapo bila breki, na ukipunguza hadi 60 unatulia, hiyo ni balansi ya matairi, au rimu imepigwa shimo ikapinda, au kuna tairi imevimba. Peleka ukapimiwe balansi kwanza, na uombe ujionee mwenyewe rimu ikizunguka kwenye mashine, utaona kama inacheza.

Haitetemi bila breki ila inatetema ukikanyaga tu? Basi endelea na huu mwongozo.

Inatetema kidogo bila breki na ukikanyaga inazidi? Hapo kuna uwezekano mkubwa bushi za lowa am, boljointi au tairodi, yaani viungo vinavyoshika gurudumu na usukani, zimeisha. Vitu vilivyolegea havitoi mtetemo wenyewe, vinaukuza. Nimeona Noah ya jirani yangu, diski zina kasoro ndogo tu ambayo gari nzima isingeisikia, lakini bushi zimekwisha kabisa na ukishika breki utadhani uko ndani ya mashine ya kusaga mahindi.

Sikiliza pia mwendo wa mtetemo wenyewe. Ukishika breki kutoka 80, ule mtetemo unapungua kasi pamoja na gari? Tutututu, tu-tu-tu, tu... tu... mpaka unasimama? Basi umetoka kwenye kitu kinachozunguka, yaani diski, dramu (ile ngoma ya breki ya nyuma) au tairi. Lakini kama ni krrrrr ya haraka mguuni, haibadiliki hata gari ikiwa inapunguza, na inatokea kwenye mchanga au changarawe au ukishika breki ghafla, hiyo ni ABS, ule mfumo wa kuzuia matairi yasifunge, inafanya kazi yake. Huku kwetu mchanga unapeperuka unalala juu ya lami, hasa barabara za karibu na bahari, kwa hivo usishtuke. Mtu mmoja alibadilishiwa pedi kwa sababu ya ABS, sitamtaja, yuko nyumbani kwetu.

Hatua ya 2. Inatetemea wapi: mikononi, makalioni au mguuni

Panda tena hadi 80, angalia kioo cha nyuma hakuna mtu, shika breki pole kwa nguvu ileile hadi 30 hivi. Usikanyage kwa hasira. Rudia mara tatu nne.

Ukiusikia mikononi, usukani unacheza kulia kushoto, shida iko mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, shida iko nyuma. Mguuni peke yake haukwambii mbele wala nyuma, manake mafuta ya breki yanaupeleka huo mtikisiko popote, ila unakwambia kwamba ni diski au dramu kweli na si bushi.

Kuna jaribio la hendibreki pia, linasaidia kwa gari zenye dramu nyuma kama Probox. Barabara iwe tupu na kavu, mwendo 40 usizidi, shika kile kitufe cha hendibreki kwa kidole gumba kisifungie, alafu vuta polepole sana mpaka gari ianze kupungua. Ukisikia tu-tu-tu, dramu za nyuma si mviringo tena. Ikiwa laini kabisa, nyuma kuzuri, rudi mbele. Usifanye kwenye kona, usifanye kwenye mchanga, na usivute kwa ghafla, matairi ya nyuma yatafunga utageuka unatazama ulikotoka. Kwa gari yenye diski nyuma hili jaribio halikwambii mengi, kwa sababu nyingi kati ya hizo hendibreki yake ina dramu ndogo ya peke yake iliyojificha ndani ya diski.

Hatua ya 3. Papasa joto

Ukirudi kutoka hilo jaribio, endesha dakika tano za mwisho bila kushika breki sana, simama, usivute hendibreki kama mahali ni tambarare. Shuka, pitisha mkono karibu na kila rimu, karibu tu, usiguse. Kulia na kushoto zinatakiwa zilingane. Upande mmoja ukiwa unakuchoma na mwenzake baridi, kalipa ya upande huo haiachii. Ama pini zake za kutelezea zimeganda, ama pistoni, ile inayosukuma pedi, imeshika kutu. Utasikia na harufu pia, kama ya kamba inayoungua.

Na usimwagie maji. Najua mazoea yetu, unafika kuosha gari rimu ni moto unapiga mpira wa maji moja kwa moja. Acha ipoe.

Hatua ya 4. Kuinua gari

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona mambo. Mchanga wetu ni laini, jeki inazama. Weka ubao mpana mnene chini ya jeki, si kipande cha kisanduku cha samaki. Kabla hujainua, legeza nati kidogo gari ikiwa chini, weka kizuizi kwenye matairi ya upande wa pili.

Alafu, stendi. Gari isikae juu ya jeki peke yake ukiingiza mkono au kichwa. Na jiwe la matumbawe si stendi! Yale mawe ya kujengea nyumba kila mtu anayo uani, unaona ni makubwa na mazito, unaona yatabeba. Jiwe la matumbawe lina matundu ndani, linaweza kupasuka bila kukuonya. Kama kizuizi cha tairi sawa, tumia. Kama kitu cha kubeba gari, hapana. Azima stendi mbili za chuma, kama huna wa kumwazima lipa gareji wakuinulie.

Hatua ya 5. Tikisa gurudumu

Gurudumu likiwa hewani, shika juu na chini, sukuma vuta. Alafu kushoto na kulia. Wale mafundi wa video wanasema saa sita na saa kumi na mbili, saa tatu na saa tisa, na uzuri ni kwamba ukihesabu saa kizungu au kiswahili unashika palepale. Likicheza juu na chini, beringi au boljointi. Likicheza kushoto kulia tu, tairodi. Mwambie mwenzako akanyage breki huku unatikisa juu na chini: kama ule mchezo unaisha, ni beringi, kama unabaki, ni boljointi.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke kwa urahisi, likwaruze kidogo sawasawa. Likishika-linaachia, linashika-linaachia, mahali palepale kila mzunguko, umekaribia jibu.

Hatua ya 6. Pini na pedi

Vua gurudumu. Kwenye Toyota nyingi ndogo boliti za nyuma ya kalipa zinachukua spana 14, na za ile breketi kubwa inayoshika kalipa 17. Fungua kalipa, itundike kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa paipu yake ya mpira, utaiumiza kwa ndani na hutaona.

Toa pedi zote mbili ziweke pamoja, ya ndani na ya nje. Zilingane unene. Ya ndani imeisha na ya nje ina nyama? Pini za kalipa hazitelezi. Pedi imelika mshazari, huku nene huku nyembamba? Vilevile pini, au breketi imejaa kutu pale pedi inapokaa.

Pini zivute kwa mkono. Zinatakiwa ziteleze kama kisu kwenye samli. Zangu moja ilitoka kwa nyundo. Zisafishe, kama imelika imebaki na mashimo badilisha, ni kitu kidogo cha bei rahisi, na vile vimpira vyake vikiwa vimepasuka badilisha pia manake hapo ndipo hewa ya chumvi inapoingilia. Paka grisi ya breki ya silikoni. Usipake ile grisi ya kawaida ya beringi, inavimbisha mpira na baada ya muda pini inaganda vibaya kuliko mwanzo. Hili kosa mafundi wetu wengi wanalifanya, kopo moja la grisi kwa gari nzima.

Vumbi la pedi usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Futa kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya 7. Diski na ule ukoko

Kabla ya kuitoa diski, piga alama kwa chaki kwenye stadi moja (zile boliti zinazoshika gurudumu) na tundu lake, ujue ilikuwa imekaa vipi. Kama imegoma kutoka, angalia usoni mwake kuna vitundu viwili vidogo vyenye reli za nati, kwa Toyota nyingi ni boliti ya milimita 8. Ingiza boliti mbili, kaza hii kidogo hii kidogo, itajisukuma yenyewe itoke. Hakuna haja ya nyundo, ukipiga unaumiza beringi.

Iangalie. Mistari midogo ya mviringo si neno. Mabaka meusi au ya bluu ni alama za joto au masazo ya pedi. Nyufa, tupa. Alafu tafuta maandishi yaliyochongwa pembeni au ndani ya kofia yake, kuna namba ya unene wa mwisho, kwa mfano MIN TH na milimita zake. Pima kwa maikromita, kile kipimo cha unene mdogo sana, sehemu nane kuzunguka duara, kama sentimita moja ndani kutoka ukingoni. Vania, ile rula yenye meno mawili ya kubana, itakudanganya kwa sababu pembeni kuna ule ukingo usioguswa na pedi. Ukipata tofauti ya milimita 0.02 kati ya sehemu na sehemu, hiyo inatosha kabisa kukutetemesha. Kama huna maikromita, na wengi hatuna, ipeleke kwa wanaokereza vyuma, wapimie wakuambie. Ikiwa bado ina nyama ya kutosha juu ya ile namba, wanaweza kuichonga ikanyooka. Ikiwa imefika au ukichonga itapita, nunua mpya, zote mbili za mbele, usibadilishe moja.

Sasa habu. Hapa ndipo kazi yetu watu wa pwani ilipo. Chukua brashi ya waya na msasa, sugua uso wa habu mpaka uone chuma kinachong'aa, zunguka kila stadi kwenye ule mzizi wake, na ule mdomo wa katikati. Pitisha kidole. Ukisikia kinundu, bado. Mzee alinifanya nirudie mara tatu, kila nikisema tayari anapitisha kidole gumba ananionyesha tena. Sugua na ndani ya diski pale inapokalia. Ukimaliza paka utando mwembamba wa grisi ya shaba usoni mwa habu, utando tu, na stadi uziache kavu.

Diski ikiwa mpya, ioshe kwanza ule mafuta wa kiwandani kwa brekiklina au sabuni ya unga na maji, ukaushe.

Kupima kama inayumba: irudishe kwenye habu, ifunge kwa nati na washa bapa ili ikazwe kweli. Fundi mwenye geji ya saa, ile yenye mshale, anaiweka anazungusha mkono, mshale usitembee zaidi ya kile kiwango cha 0.05. Sisi wengine tunatumia spoki ya baiskeli. Ifunge spoki kwa waya kwenye mguu wa shokamzoba, ncha yake ikaribie diski mpaka usiweze kupitisha karatasi, alafu zungusha polepole, weka taa ya simu nyuma yake. Ukiona upenyo unafunguka na kufunga kwa macho, diski inayumba sana. Spoki haioni makosa madogo, hilo lijue. Ikiyumba, itoe, izungushe tundu moja mbele, ifunge upime tena. Probox ina stadi nne kwa hivo una nafasi nne, mara nyingi moja inakuwa nzuri kuliko zote. Kwangu ilikuwa ya tatu.

Zile diski zangu hazikutupwa. Zilichongwa kidogo, zikarudi palepale kwenye habu safi. Nimeshatembea nazo mwaka na zaidi.

Dramu za nyuma

Fupi tu. Dramu ikiwa na umbo la yai hairekebishiki kwa msasa, ichongwe au ibadilishwe, na nayo ina namba ya kipenyo cha mwisho imeandikwa. Ila kwa sisi wabeba samaki kuna kitu kingine: maji ya barafu na chumvi yanachuruzika kutoka kwenye makreti, yanapita kwenye matundu ya sakafu yanadondokea breki za nyuma. Yangu silinda ndogo ya ndani ilikuwa imeanza kuganda. Niliweka turubai na bomba la kutolea maji nyuma kabisa ya bampa.

Hatua ya 8. Kufunga

Rudisha pistoni ndani pole kwa klampu, fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki uangalie yasifurike, manake yanakula rangi. Funga kila kitu. Nati za gurudumu kaza kwa kuruka, hii alafu ya mkabala wake, si kwa kuzunguka, kwanza kidogo zote alafu kwa nguvu. Kipimo cha Probox na Toyota nyingi za aina yake ni niutoni mita 103. Kama unaweza kuazima ile spana inayolia tik ukifika kipimo, azima. Kijana wa pancha anayetumia mashine ya upepo au anayesimama juu ya paipu la mita moja, anabana moja hadi ilie na nyingine nusu, huyo anaweza kuipinda diski nzuri palepale na wewe unamlipa. Mie sasa pancha nikibandikiwa, kukaza nakaza mwenyewe.

Kabla hujawasha gari uondoke, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Usisahau hii. Pistoni iko ndani, pedali ya kwanza itazama bure, na mbele yako kuna ukuta wa mtu.

Hatua ya 9. Kuzoesha pedi

Pedi mpya au diski iliyochongwa haitaki kukanyagwa kwa nguvu siku ya kwanza. Tafuta barabara tupu, nenda 60, shika breki wastani hadi 15, usisimame, ondoka tena, kama mara nane hadi kumi, ukiachana kidogo kati ya moja na nyingine. Alafu endesha dakika kumi bila breki zipoe. Jambo ni kutosimama na mguu juu ya pedali breki zikiwa moto, pedi inaacha chapa yake pale ilipobana na hapo umeanzisha mtetemo mpya. Barabara yetu ya Mombasa ndiyo mbaya kwa hili, matuta kwa matuta, unashika unaachia unashika unaachia, alafu unafika kizuizi cha polisi unasimama unakanyaga dakika tatu. Ukiwa tambarare achia mguu, tumia hendibreki.

Na kwa wale mnaotunza nyumba za wageni, zile gari zinazolala tangu mvua za kusi hadi mwenyewe arudi Desemba: diski itashika kutu yote isipokuwa pale pedi ilipobana, inabaki chapa kama muhuri. Kutu nyepesi inatoka kwa breki chache za kwanza, chapa saa zingine inabaki. Kila wiki mbili itoe itembee hata kilomita tano, ishike breki kidogo, na ikirudi usivute hendibreki, weka gia na jiwe kwenye tairi. Hapo ndio matumbawe yana kazi.

Baada ya kilomita mia hivi jaribu tena zile nati kwa spana, papasa tena joto la rimu zote nne. Mie Ijumaa nikimaliza kushusha samaki napiga maji baridi yasiyo na chumvi chini ya gari yote na ndani ya rimu, baada ya breki kupoa, alafu naizungusha mtaani mara moja nikishika breki polepole zikauke kabla sijaiegesha.